Dereva anayekoroma apimwe, asifukuzwe

Mhariri,

Kila lori linapotoka barabarani usiku kati ya Malaba na Kampala, sababu zinazotangulia kutajwa ni pombe, mairungi au uzembe wa dereva. Mimi nimeendesha trela katika barabara hiyo kwa miaka 22, sinywi pombe wala sitafuni mairungi, na bado niliwahi kuzinduka ndani ya msitu wa Mabira taa za basi zikinijia usoni na magurudumu ya kushoto yakiwa nje ya lami. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kilichonilaza, kwa kuwa naamini wenzangu wengi wanacho bila kukijua.

Aliyekigundua ni taniboi wangu. Usiku mmoja tukiwa kwenye foleni mpakani, alinirekodi kwa simu nikiwa nimelala kabini, na asubuhi akanisikilizisha. Nilidhani tungecheka. Mkoromo ulikuwa ukipanda, kisha kimya, kimya ambacho alikihesabu hadi sekunde 34, halafu ukatokea mvumo wa ghafla kama wa mtu anayeibuka majini. Ilikuwa hivyo usiku kucha, nami sikumbuki kushtuka hata mara moja. Nyumbani mke wangu alikwisha kuyazoea, na marehemu mama alikuwa akisema ni jinamizi.

Daktari aliita apnia ya usingizi. Mtu anapolala misuli ya koo hulegea, na kwa baadhi yetu ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma hadi vikaziba njia ya hewa. Kifua huendelea kujitahidi bila kitu kuingia, oksijeni ikapungua katika damu, mpaka ubongo umshtue mwenyewe avute pumzi. Iko pia aina isiyotokea sana, ambayo koo liko wazi ila ubongo hautoi amri ya kupumua, nayo ina matibabu yake. Kwa mtu mzima, pumzi ikikatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa mara moja, na anayefikisha mara 30 kwa saa huwekwa katika kundi la wenye hali kali ya maradhi haya. Mimi nilifikisha 41. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini niliamka kila siku kichwa kikiniuma, kwa nini nilikwenda haja ndogo mara nne kwa usiku, na kwa nini shinikizo langu la damu liligoma kushuka ingawa nilikuwa nikimeza vidonge vya aina tatu.

Kupimwa hakuna maumivu. Nilifungwa mshipi kifuani, nikawekewa mrija mwembamba puani na kibanio cha kusoma oksijeni kidoleni, nikaenda kulala navyo kwangu.

Tiba niliyopewa ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani, na hewa hiyo ndiyo inayolizuia koo lisijifunge. Njia hii aliitangaza daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, mwaka 1981; kabla ya hapo mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa koo. Haiponyi, inazuia tu, kwa hiyo usiku usioivaa ni usiku wa kukoroma. Wiki mbili za kwanza niliivua usingizini bila kujijua, na chandarua kilininasa kwenye mrija. Umeme ukikatika huna mashine, ila yangu, nikizima sehemu ya kupasha maji yanayoipa hewa unyevu, hutumia umeme mdogo kiasi cha kuendeshwa na betri ya lori kupitia adapta yake. Bei ndiyo iliyonichoma: niliuza ng'ombe wawili.

Asiyeimudu au ambaye hali yake si kali ana njia nyingine anazoweza kuzijadili na daktari. Kupunguza uzito husaidia sana wanene, ingawa wembamba wenye taya dogo huugua pia. Kulala ubavu na kuacha pombe ya jioni husaidia wengi. Daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele. Kwa watoto, mara nyingi hutolewa tonsili. Mwezi Desemba 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya tirzepatide, dawa ya kupunguza uzito, kwa watu wazima wanene ambao hali yao ni ya kati au kali. Walioniambia nikakatwe kimeo kwa mganga nawashukuru kwa nia njema, lakini koo langu huzibwa na ulimi, na wembe ule huleta damu na vidonda.

Ombi langu ni kwa wenye malori na kwa wanaotoa pamiti. Waulize kuhusu mkoromo kama wanavyouliza kuhusu macho, wamsikilize mke na taniboi, kisha atakayekutwa na ugonjwa apewe muda wa kutibiwa na arudi kwenye usukani akithibitishwa kuwa anatumia tiba yake. Dereva akijua kwamba kukiri ni kunyang'anywa funguo, hatakiri. Mimi mwenyewe, baada ya kusikiliza ile rekodi, nilimficha mwajiri wangu miezi minne, na miezi yote minne niliendesha.

Dereva wa trela,
Malaba, Tororo.