Barua kwa mwanangu: ukiumwa usiku, gonga mlango

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku wazima, mama yako anakusalimia sana na wadogo zako wote. Naandika kwenye simu ya dada yako maana yangu kioo kimepasuka na herufi nyingine hazikubali, kwa hiyo ukiona nimekosea mahali vumilia.

Sitazunguka. Jumapili baada ya misa ya pili nilikuwa nje nimesimama pale kwenye mikaratusi namsubiri mama yako atoke kikao cha WAWATA, wanawake Wakatoliki, akaja yule padre aliyerudi likizo kutoka huko Ujerumani ulipo wewe na watawa wenzako, akanishika mkono akasema mzee tumshukuru Mungu, kijana wako sasa anapona vizuri. Mi nikabaki nimemshika mkono namwangalia. Anapona nini padre? Ndo na yeye akashtuka, akajua sijui kitu. Wiki mbili kitandani, homa, kifua, mpaka ukapelekwa kwa daktari mjini, na watu wa parokia nzima wanapita pembeni yangu wananisalimia nami naitikia tu, sijui nimeitikia nini.

Na katika hizo wiki mbili umenitumia picha tatu, nimerudi kuzihesabu. Moja majani ya njano yamefunika njia ya kwenda kanisani, moja ng'ombe zizini, moja matufaa kwenye kreti. Chini umeandika "vuli imefika baba, pazuri sana." Kila picha nilimwonyesha mama yako na majirani, nikasema mwangalieni Bruda wetu mahali alipo. Kumbe aliyepiga picha amelala, au aliipiga kabla hajalala, sijui, mwenyewe utaniambia. Sijakasirika. Yaani nimekasirika lakini si kwa ugonjwa, ugonjwa haumuulizi mtu. Nimekasirika kwa ile "pazuri sana."

Hata hiyo vuli yenyewe nimekaa nikaiwaza. Sisi vuli tunaisikia redioni tu kwenye utabiri wa hewa, wanayo watu wa Tanga na Dar, huku kwetu Ruvuma tunajua kiangazi na masika basi. Nikadhani na huko ni mvua ndogo ndogo za kupandia. Padre akanieleza kwamba huko ni wakati mti unaangusha kila kitu, ukungu unashuka asubuhi mpaka huoni mnara wa kanisa, ardhi inakuwa na maji maji muda wote na baridi inaingia mdogo mdogo kabla mtu hajajua kwamba imeingia. Akasema wageni wengi hawaumwi kwenye theluji, wanaumwa kwenye huo mwezi wa kumi na wa kumi na moja, maana wanaona jua kidogo wanatoka na sweta moja. Wewe unatoka Mbinga, najua utasema baridi unaijua. Baridi ya Mbinga ya mwezi wa sita unakaa jikoni kwenye moto na saa nne jua limetoka limekukausha. Hiyo ya huko saa nne haibadilishi kitu.

Kwa hiyo nakuandikia neno moja na nitalirudia mpaka karatasi iishe kama ingekuwa karatasi. Ukiumwa usiku, gonga mlango.

Najua mna ule ukimya mkuu baada ya Sala ya Mwisho. Kile kitabu kidogo cha Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ulichokiacha kwenye rafu nimekisoma mara mbili toka Jumapili, sura zote 73, dada yako shahidi, taa imewaka mpaka saa sita. Sura ya 42 inasema mkimaliza hiyo sala hakuna mtu kuongea tena. Nimeelewa. Lakini hapo hapo inasema isipokuwa akija mgeni au abate, mkuu wenu, akimwagiza mtu jambo, maana yake hata mwenyewe Mtakatifu alijua usiku una mambo yake. Halafu nenda sura ya 36. Wagonjwa watunzwe kabla ya mambo yote na juu ya mambo yote, wahudumiwe kama ni Kristo mwenyewe. Wapewe chumba chao na mtu wa kuwaangalia, waoge inapohitajika, na aliye dhaifu sana apewe nyama mpaka apate nguvu. Hiyo ndo nadhiri uliyoweka mbele yetu sote. Kwa hiyo ukijilaza na homa kimya kimya eti usiwasumbue wazee wenye usingizi wao, hapo hujatii, hapo umewanyima wenzako kazi ambayo Kanuni imewapa.

Na sura ya 55 kuhusu nguo: penye baridi mtu anahitaji zaidi, penye joto pungufu, na kupima ni kazi ya abate. Mwombe. Kuomba fulana ya ndani si kupenda mali.

Mezani nako nina wasiwasi. Padre kasema mnakula kimya, mmoja anasoma wengine wanasikiliza, na jioni mara nyingi ni mkate na jibini, chakula cha baridi. Huku ukiacha ugali mama yako anaona na anauliza. Pale nani atauliza? Nimeona sura ya 38 inasema ndugu wapeane kinachohitajika mezani bila mtu kulazimika kuomba, nikafarijika kidogo. Omba hata maji ya moto, weka na asali.

Ile habari ya kifua chako mwaka ule kahawa ilipozaa sana sitaianza hapa, wewe unaijua na mimi naijua. Ila mashine ya kumenya kahawa ingeweza kusubiri, hilo nakwambia leo. Zile debe zingeoza zingeoza. Mtu anaweza kutoka kwenda hospitali asubuhi badala ya jioni. Basi.

Mama yako anasema tabia hii ya kuficha maumivu wewe hukuiokota barabarani. Sikumjibu.

Juzi nimegundua jambo nikafurahi peke yangu. Tangu mlipogeuza saa zenu ile Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, tumepishana masaa mawili. Nikamuuliza padre jua linazama saa ngapi huko, akaniambia mwezi huu hata saa kumi na moja halijafika limeshazama. Mimi huku nimekaa barazani nikaangalia saa, jua likaingia nyuma ya mlima saa kumi na mbili na nusu na dakika kadhaa. Piga hesabu. Ni wakati ule ule! Giza linakuja kwako na kwangu pamoja, wewe ukiwa unatoka zizini na mimi nikifunga kuku. Kwa hiyo kila jua likizama nitakuwa nakuuliza, kifua vipi, na wewe ujibu hata kwa moyo, ila mara moja kwa wiki ujibu kwa simu, kwa sauti, nisikie mwenyewe kama unakohoa. Meseji ya maandishi haikohoi.

Ile picha ya mwezi wa tisa ya makumbusho ya misheni hapo kwenye abasia yenu ya St. Ottilien bado ninayo, ngao na vinyago na vitu vya huku kwetu vimekaa kwenye kioo. Nilikuwa nataka kukuuliza siku nyingi. Ile nyumba ndo iliyotutumia wamisionari. Hapo Peramiho walipofika 1898 na kuanza, walitoka kwenye hilo hilo shamba, labda walikuwa wanakusanya majani hayo hayo. Na kabla ya hapo wengine walikuja mpaka Pugu na watatu wakauawa mwezi wa kwanza 1889, mabruda wawili na sista mmoja, kwenye vita vya Abushiri na Wajerumani. Halafu Askofu Spiss 1905 kwenye Majimaji, yuko njiani anakwenda Peramiho na wenzake wanne, hakuna aliyefika. Babu zetu nao walinyongwa Songea Februari 1906, hilo siwezi kulisema nusu, kila upande ulizika. Lakini safari hii nilikuwa nawaza akina mama wa Bavaria. Mtoto wake kaondoka, meli, barua inachukua miezi, anaambiwa kuna homa za malaria, na barua ikifika mtoto kaandika kule ni pazuri sana. Sasa mimi na mama yako ndo tumekaa kwenye kiti chao, tofauti sisi tuna simu. Tuna simu na bado tunaambiwa habari zako nje ya kanisa.

Usidhani sijivunii. Ulipoandika kwamba ulipewa kusafisha makaburi ya watawa kabla ya tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, unakusanya majani na reki, unafuta ule ukoga wa kijani kwenye msalaba mmoja mmoja, na ukakuta majina ya waliofanya kazi huku kwetu ukasimama ukawaombea kwa Kiswahili, mimi hiyo meseji nimeisoma kwa watu wa jumuiya ndogo ndogo. Mzee mmoja akalia. Mtoto wa Mbinga anawaombea Kiswahili hao wazee ambao walijifunza Kiswahili kwa taabu, kwenye baridi ile. Mi niliona nimelipwa. Ila sasa najiuliza, siku hiyo ulivaa nini miguuni? Padre anasema majani yanakuwa yameloa chini hata kama juu yamekauka. Viatu vya plastiki vya zizini havitoshi bila soksi za sufu.

Na kazi ipunguze. Najua utasema mahindi ya ng'ombe lazima yakatwe yafukiwe kabla hayajaharibika, matufaa yaokotwe yakamuliwe juisi, kuni zipangwe, watu wengi ni wazee na wewe ndo mwenye mgongo. Nimekulea hivyo mwenyewe, sikumbuki kama niliwahi kukwambia pumzika. Basi nakwambia leo. Sura ya 48, ile ile ya kazi ambayo watu wanapenda kuitaja, inasema uvivu ni adui wa roho halafu mbele kidogo inasema yote yafanyike kwa kiasi kwa sababu ya wasio na nguvu. Mwaka huu asiye na nguvu ni wewe. Mwakani utakuwa mwingine.

Habari za nyumbani. Kahawa tumeimaliza mwezi wa tisa, iliyokuwa kwenye vichanja yote imekauka vizuri na tumeipeleka chamani ikiwa na maganda yake, malipo ya kwanza yametoka, ya pili tunasubiri. Sasa nipo kwenye kupogoa na kukata maotea, na ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia, za upande wa bondeni zimebomoka mbili, kaka yako anazifukua kabla mvua haijashuka tupande mahindi. Mbolea ya ruzuku tumejiandikisha, namba imekuja kwenye simu, mfuko bado. Mdogo wako anaanza mtihani wa kidato cha nne wiki hii, anaamka saa kumi usiku anasoma, nikimwona na tochi yake kichwani nakukumbuka. Muombee hisabati. Mahari ya kaka yako imebaki kidogo, wale wakwe si watu wa haraka.

Mama yako macho. Lile la kushoto daktari kasema ni mtoto wa jicho, wanaweza kulitoa, tumepangiwa mwezi wa pili. Padre alipomwambia hiyo abasia yenu ina jina la Mtakatifu Otilia aliyezaliwa kipofu, na ndiye msimamizi wa wenye shida ya macho, akanyamaza muda mrefu halafu akasema mwanangu amewekwa pale kwa sababu. Sikukuu yake ni 13 Desemba. Anaomba uwashe mshumaa siku hiyo, na kama hairuhusiwi mtawa kuwasha mshumaa wake binafsi, basi useme tu jina la mama yako kwenye masifu.

Amekufumia sweta, ile sufu ya bluu, amefuma kwa jicho moja kwa hiyo mkono mmoja umezidi mwingine urefu. Padre atalibeba akirudi pamoja na kilo mbili za kahawa yetu, imekaangwa na dada yako. Sura ya 54 inasema mtawa asipokee barua wala zawadi hata ya wazazi wake bila abate kujua, kwa hiyo nimeandika bahasha juu kwa jina la abate, kahawa ni ya jumuiya yote. Sweta mwombe kwa heshima akuruhusu uvae wewe. Akisema apewe mwingine mwenye baridi zaidi, mpe, lakini umwambie kwanza kwamba ulikuwa unaumwa kifua. Usinyamaze hapo pia.

Chaji inaisha na dada yako anataka simu. Yule ng'ombe mwekundu kazaa ndama dume, jirani anamtaka, kaka yako anasema tuuze tumalizie mahari, mimi naona tumlee mpaka Pasaka. Wewe ulimpenda mama yake, sema neno. Nasubiri jibu la ndama na jibu la kifua. La kifua kwanza.

Baba yako