Maji yametulia, mbona wamekataa kutukodisha ubao?

Swali hili hutufikia sisi wapangaji wa safari kila Julai na Agosti, kwa kawaida mteja akipiga simu akiwa ufukweni kisiwani Rhodes, Ugiriki. Likizo kalipia, jua linawaka, bahari mbele yake ni shwari kama maji ya mtungini, na kijana anayekodisha mbao za kusimama na kupiga kasia anatikisa kichwa. Mteja anaona kaonewa. Hajaonewa.

Kiangazi, Bahari ya Aegean huwa na upepo uitwao meltemi. Hutoka pande za kaskazini, huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo bila wingu angani, na hushika kasi kuanzia mchana. Pwani ya magharibi ya Rhodes, pale Ixia na Ialyssos, hupiga ukitokea baharini. Mawimbi yanaonekana na kila mtu anajihadhari. Pwani ya mashariki, kutoka Faliraki hadi Lindos, hutokea nchi kavu kwenda baharini. Karibu na mchanga maji yanalala, kwa kuwa upepo haujapata nafasi ya kuinua wimbi. Mbele kidogo mambo ni mengine: upepo hukushika na kukusukuma mbali na nchi kavu.

Wateja waliokulia pwani ya Afrika Mashariki hunielewa haraka nikiwatajia umande, ule upepo wa alfajiri unaomtoa mvuvi na ngalawa yake. Ila umande hukoma jua likipanda, kisha upepo wa baharini ukamrudisha mtu kwao. Meltemi haukurudishi. Wala usingoje maji kujaa yakulete ufukweni: Zanzibar bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mpevu, hupandisha bahari karibu mita 4, Rhodes haifiki hata nusu mita.

Nilipokwenda na wanangu tulikuwa na mpira wa kupuliza, ule mwepesi wa ufukweni. Ulimponyoka mdogo wao maji yakiwa magotini. Nikadhani ni hatua tatu tu. Mpira ulikuwa unateleza juu ya maji kama unaofukuzwa. Kila nikinyoosha mkono, umeshasogea. Niliposhusha miguu nipumzike sikugusa chini, na nilipogeuka mwavuli wetu ulikuwa mdogo kama uyoga. Nikauacha uende. Kurudi kulinichukua muda mrefu kuliko kwenda. Tangu siku hiyo, nikiona mtoto amelala juu ya boya la kupuliza ufukwe wa mashariki, moyo hunidunda.

Ndiyo maana kabla ya kukukatia hoteli tunakuuliza unataka kucheza nini baharini. Kayaki na mbao za kasia tunazipanga asubuhi na mapema, upande wa mashariki. Wenye uzoefu wa ubao wa tanga, au wa kaiti (ubao unaovutwa na tiara), tunawapeleka Ialyssos, au Prasonisi, ncha ya kusini, ambako ulimi wa mchanga unaigawa bahari: upande mmoja mawimbi, wa pili maji bapa. Mpira wa wavu hauna shida, uchezwe jioni mchanga ukipoa.

Ukiwa juu ya ubao vaa jaketi okozi na ufunge ile kamba ya mguuni inayokuunganisha na ubao. Upepo ukikuzidi, lala kifudifudi upige maji kwa mikono, na usiuache ubao kwa hali yoyote. Unaelea, nao huonekana kwa mbali kuliko kichwa chako. Aliye ufukweni apige 112, namba ya dharura.

Na ukikataliwa ubao, tupigie. Tutakuhamishia zamu yako kesho asubuhi, bila malipo ya ziada.