Mjadala wa Jumamosi: sanamu ya Tuzo ya World Fantasy

Ndugu wanachama,

Jumamosi jioni tutajadili Tuzo ya World Fantasy, inayotolewa kwa maandishi ya fantasia, ambayo tangu mwaka 1975 hadi 2015 washindi wake walikabidhiwa sanamu ya kichwa cha H. P. Lovecraft, Mmarekani aliyeacha alama kubwa katika hadithi za kutisha, lakini pia aliyeandika maneno ya kibaguzi dhidi ya watu weusi. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mweusi mwenye asili ya Nigeria aliyeshinda mwaka 2011, alieleza hadharani jinsi alivyotatizwa na heshima hiyo yenye uso wa mtu huyo, na mjadala ukapamba moto miongoni mwa mashabiki hadi sanamu ikabadilishwa. Iliyopo sasa, kazi ya mchongaji Vincent Villafranca, ni mti uliopinda mbele ya mwezi mpevu. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa wa haki, kwani kumsoma mwandishi ni jambo moja, na kumfanya nembo ya wote ni jingine; wenye mtazamo tofauti waje na hoja zao, nasi tutawasikiliza kwa staha.

Kwa wapenzi wa stimpanki, yaani mtindo wa hadithi na mavazi unaochanganya enzi ya mashine za mvuke na teknolojia ya kubuni, tutagusia tamasha la Lincoln, Uingereza, lenye mashindano ya chai: wapinzani wawili huchovya biskuti kwa pamoja katika chai ya moto, na anayechelewa zaidi kuila bila kumeguka ndiye mshindi. Mchezo huu naupenda mno.

Wenye picha za mavazi waliyojishonea wazitume hapa kabla ya Ijumaa, wakitaja jina la mpiga picha.