Usiiuze hiyo baiskeli kwanza

Mwanangu mambo,

Meseji yako nimeisomea kwenye daladala, eti unaiuza baiskeli kisa toka Machi spidi haisogei, kila Jumamosi Usagara na kurudi muda ni ule ule. Kwanza nilicheka halafu nikakuelewa, maana mimi mwenyewe nilikwama miezi mitatu. Gongo la Mboto mpaka Kisarawe dakika 34. Wiki inayofuata 34. Nikalala mapema 34, nikala tambi 34, siku moja kwa hasira nikakanyaga mpaka nikaona nyota pale Pugu, 35!

Nikaanza kujiambia umri umeenda, hii michezo siyo yangu. Sasa siku nimempelekea fundi anibadilishie cheni, akainua gurudumu la nyuma akalizungusha kwa kidole, likaenda kama raundi mbili likasimama lenyewe. Raba ya breki ilikuwa inalamba rimu upande mmoja. Akaniangalia weee, akasema "bosi, kumbe Kisarawe ulikuwa unapanda umeshika breki?" Aibu niliyoona siyo ya nchi hii.

Sikudanganyi lakini, breki ilinipa dakika 2 tu. Nyingine zimekuja nilipoacha kukomaa kila siku, maana nilikuwa nikitoka tu nakimbiza, matokeo yake hakuna siku miguu imepumzika na hakuna siku nimekimbiza kweli. Sasa hivi Jumanne naenda taratibu mpaka wale jamaa wa mkaa wakiwa wanarudi na Phoenix zao tupu wananipita wananipigia kengele, roho inauma ila namezea.

Wewe nakuwazia kitu kingine. Si unamjua Froome, yule mwendesha baiskeli aliyezaliwa Nairobi, Kinjah akamfundisha kule Kikuyu? Kabla hajachukua Tour de France 2013 alikuwa leo yuko moto kesho humuoni, watu hawaelewi, mwisho wa 2010 akapimwa akakutwa na kichocho. Kichocho hiki hiki chetu! Akaanza dawa, 2011 akawa wa pili kwenye Vuelta, mashindano makubwa ya baiskeli kule Hispania, na miaka mbele yule wa kwanza akanyang'anywa ushindi akapewa yeye. Sasa wewe kila ukimaliza kukanyaga unajitupa ziwani eti unapooza mwili, na hayo maji ya pembeni yenye majani na konokono ndo unayoyapenda, umeshapima lini? Nenda kapime choo, siyo mkojo tu, hicho cha huko ziwani kwenye choo ndo kinaonekana.

Ukirudi na majibu inua gurudumu ulizungushe, breki zote mbili, usikilize. Kama hamna kitu tutaongea bei, ila mteja wa kwanza ni mimi, huyo wa Igoma na laki mbili yake mwambie asubiri, tairi nilizokununulia mimi mwenyewe bado hata vinyoya vyake havijaisha.

Shemeji msalimie, nakuja mwisho wa mwezi.