Jumamosi Uyole: mafaili yenye matundu

Wakuu, poleni na baridi. Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana Uyole, palepale pa siku zote.

Kazi ni moja: draiva yetu ya mfumo wa mafaili (programu inayosoma na kuandika mafaili diskini) haijui matundu, yaani sehemu za faili zisizo na data, ambazo hazichukui nafasi diskini na ukizisoma unapata sifuri. Jana nimekopi faili la diski ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine). Amri ya ls, inayoonyesha urefu wa faili, inasema GB 20; du, inayoonyesha nafasi iliyotumika diskini, inasema GB 3; kopi ikatoka GB 20 kamili, matundu yote yamejazwa sifuri tupu! Flashi ikajaa, nikabaki nimeshika shavu.

Dawa ni lseek yetu (wito wa kuhamia nafasi fulani ndani ya faili) ielewe maagizo ya SEEK_DATA na SEEK_HOLE, ambazo Linux inazo tangu toleo la 3.1, mwaka 2011. Moja inatafuta data inayofuata, nyingine tundu linalofuata. Mwisho wa faili nao huhesabiwa tundu. Ukiomba nafasi iliyovuka hapo, jibu ni kosa la ENXIO. Naona wengi tutateleza kwenye data iliyo bado kwenye kumbukumbu, haijafika diskini. Ukiiita tundu, kopi inairuka, mtu kapoteza kazi yake. Tuanze na hiyo.

Laptopu zije zimechajiwa. Wa Tukuyu, mvua tunaijua, ila wahini. Viazi vya kuchemsha naleta mimi, chai mtachangia.