Barua kwa mwanangu: zeze la babu yako

Igombe, Jumapili jioni

Mwanangu Kabula,

Mwangaluka, mama. Huku hatujambo, ila mama yako kaninunia tangu jana, na kosa ni langu.

Alikwenda msibani Kayenze, akaniachia dagaa niwalinde na kunguru. Nikafungua ile redio ya mtandaoni uliyoniwekea kwenye simu, nikaitumbukiza simu kwenye sufuria tupu ili sauti ikue. Asubuhi walipiga okestra kubwa kubwa, vishindo vitupu, mimi nageuza dagaa zangu. Mara akaingia mtu mmoja na selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti. Peke yake! Ni tungo za Bach, yule Mjerumani aliyefariki 1750. Aliandika mafungu sita ya selo isiyosindikizwa na chochote. Upinde ukikwaruza uzi mnene, unasikia mpaka pumzi ya mpigaji. Nikasimama na fagio mkononi. Sauti ile naijua. Ni ya babu yako barazani, na zeze alilotoka nalo Ugogoni enzi za ukibarua wa reli.

Hili sijawahi kukwambia. Nilipopewa kwaya, nikajiona msomi kwa sababu nasoma noti za d-r-m-f (do, re, mi, fa), nilimwambia baba mbele ya wageni kwamba zeze ni kelele za kishamba. Hakujibu. Alilitundika darini, na mimi sikumsikia akilipiga tena.

Baadaye wakapiga ngoma za Kiromania za Béla Bartók, za mwaka 1915, fupi fupi, hujakaa sawa imekwisha. Huyo Mhungaria alisomea muziki hasa, lakini alizunguka vijijini na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, akiwaomba wanakijiji wamwimbie. Mwanamuziki msomi, kakaa chini kwa wakulima. Nilijisikia vibaya, mama.

Saa tisa, katikati ya Wazungu hao hao, nikasikia Kigogo! Marehemu Hukwe Zawose, na ilimba yake, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba. Nikapiga kelele kama mtu aliyeona ndugu yake stendi ya ugenini. Hapo hapo bando likakata. Nikakimbilia dukani kutafuta vocha. Narudi, wimbo umekwisha, mvua imeshuka, dagaa wote chapa. Mengine unayajua.

Leo nimelishusha zeze. Kibuyu kizima, uzi umekatika, upinde umeliwa na wadudu. Nimejaribu kufunga mshipi wa sangara, linakoroma kama mzee mwenye mafua. Sasa wewe uko huko huko Dodoma. Ukipata nafasi, mtafute mzee yeyote anayepiga zeze, umwamkie vizuri, umuulize siku hizi wanafunga uzi gani na upinde wanaupaka nini. Ukiupata, mpe kondakta wa basi la Mwanza, nitaufuata stendi mwenyewe.

Baba yako