Kabla hujasimama mbele ya baraza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako kuhusu jengo la kupangisha linaloombewa kibali mtaani kwenu imenifikia, na mchoro wake nimeutazama. Unasema mtaa mzima unajiandaa kwa kikao cha baraza zima. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu mara nyingi kikao hicho huja kupitisha jambo ambalo kamati ya mipango miji imeshaliamua. Madiwani hupiga kura wakiwa na taarifa ya afisa mipango mkononi, kwa hiyo hoja zenu zimfikie kabla hajaifunga. Pelekeni pingamizi la maandishi kabla ya siku ya mwisho iliyo kwenye tangazo la ombi hilo, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, hamtakuwa na cha kuonyesha wakisema halikufika.

Halafu lisome ombi polepole. Je, mwombaji anataka kiwanja kihamishiwe ukanda mwingine, yaani eneo lenye kanuni nyingine za matumizi na ukubwa wa majengo, au anaomba ruhusa ya jambo moja tu nje ya kanuni? Akipewa ukanda mpya, ile picha ya jengo zuri lenye miti kwa kawaida haimfungi. Anaweza kuuza kiwanja kesho, na mnunuzi akajenga chochote ambacho ukanda huo unakubali. Basi msijadili picha. Jadilini kikubwa kabisa kinachoweza kusimama pale kihalali.

Hesabu yake ni hii. Chukua kiwanja cha mita za mraba 1,000. Kanuni ikiruhusu eneo lote la sakafu kuwa mara 2 ya kiwanja, na jengo kufunika nusu ya ardhi, utapata sakafu nne za mita za mraba 500. Tuseme kila kaya, pamoja na sehemu yake ya ngazi na korido, inachukua mita za mraba 80: ni kaya 25, na kwa watu wanne kila kaya, watu 100. Kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, lita 10,000 zitaingia na takribani 8,000 zitatoka kama maji taka. Ulizeni bomba la mtaa lina kipenyo gani, na nani ametia sahihi kwamba linatosha.

Mvua ndiyo husahaulika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inamwaga lita 50,000 kwenye kiwanja hicho. Udongo ulikuwa ukinywa sehemu kubwa ya maji hayo. Ua wote ukisakafiwa ili magari yaegeshwe, karibu yote yataelekea kwa jirani wa bondeni. Inaniuma kuona vikao vikitumia saa nzima kubishania urefu wa jengo, na mtaro hautajwi hata mara moja.

Ombi likielekea kupita, pigania masharti. “Mwombaji atashirikiana na wakazi kuboresha mifereji” ni maneno matupu, hayana kipimo wala muda. Afadhali liandikwe: “Mfereji wa zege wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, kutoka kiwanjani hadi mtaro mkuu, ukamilike na kukaguliwa kabla mtu yeyote hajahamia.” Vipimo halisi atavitoa mhandisi, lakini yale maneno ya mwisho msiyaachie. Watu wakishahamia, hakuna tena cha kumsukuma mjenzi. Sharti pia lifuate kiwanja, lisifuate jina la mwombaji.

Zahanati na madarasa mliyoahidiwa, ulizeni yako kwenye kifungu gani cha bajeti na mwaka gani wa fedha. Ulizeni na mishahara, maana jengo bila wahudumu hubaki limefungwa.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid, ilikubali kanuni za ukanda kwa msingi wa afya, usalama na ustawi wa watu. Hukumu hiyohiyo iliyafananisha majengo ya kupangisha na kimelea kwenye mtaa wa nyumba za familia mojamoja. Simameni kwenye ule msingi, na kimelea mkiache. Mtu akianza kusema wapangaji watauharibu mtaa, mrudisheni kwenye maji, mwanga na njia ya gari la zimamoto. Wapangaji nao wanahitaji pa kuishi.

Siku yenyewe mtapewa dakika chache. Taja namba moja na sharti moja, kisha mpe katibu nakala. Ahadi ikitolewa kwa mdomo, mwombeni mwenyekiti iingie kwenye muhtasari, na mhudhurie kikao kinachofuata muhtasari unapothibitishwa, kwa sababu hapo ndipo kosa hurekebishwa.

Taarifa ya afisa mipango ikitoka, nitumie ukurasa wa mifereji kwanza.

Wako daima.